Ukuta wa Nyuma

Machochwe, 6 Machi 1995

Leo tumempeleka mtoto kliniki Mugumu, mimi na Mama Mokami. Muuguzi ni mgeni, anaongea Kiswahili laini cha watu wa mbali. Akauliza jina la mtoto. Mogesi. Jina la baba? Mogesi. Akatabasamu, akauliza huyo Mogesi mkubwa yuko wapi, mbona hamsindikizi mkewe. Nikamwambia alikufa nikiwa darasa la pili. Kalamu ikasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto wa miezi minne, nikaona anapiga hesabu na hesabu inamkataa.

"Sasa mume wako ni nani, dada?"

Mama Mokami akainuka kwenye benchi, akajipiga kifua. "Ni mimi. Mimi ndiye nimemwoa. Ng'ombe nilitoa mwenyewe."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akamwonea huruma yule dada, akamweleza kwamba huku Ukuryani mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake na wa marehemu mume wake. Nyumba ntobu, ndivyo tunavyoiita. Muuguzi akasema, "Makubwa haya!" kisha akaandika. Mtoto ana uzito mzuri. Nani alinipa mimba hakuuliza, nami sikumsaidia kuuliza.

Tumerudi tumeloa chapachapa. Mvua ilitutangulia nyumbani, imeangusha ukuta wa nyuma wa chumba changu, tundu ambalo ndama anapita bila kuinama. Mama Mokami akalitazama tundu, akanitazama mimi. "Itabidi tumwite fundi," akasema, akageuka haraka. Mabega yalikuwa yanamcheka.

8 Machi

Fundi amekuja. Fundi ni Sylvester, na Sylvester ndiye yule ambaye muuguzi hakumuuliza.

Machochwe nzima inajua na hakuna anayesema. Ndiyo desturi. Mwanaume wa nyumba kama yetu anakuja giza likishaingia, anaondoka kabla watu hawajaamka, na mtoto si wake. Mchana hana sababu ya kukanyaga hapa, labda awe amebeba msumeno. Basi leo alibeba msumeno, nyundo, bisibisi, na futi ya kupimia kana kwamba anajenga kanisa.

"Shikamoo mama," akamwamkia Mama Mokami, uso mkavu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, fundi. Karibu. Tundu lenyewe hilo."

Alipima, akapima tena, akatikisa kichwa. Halafu akaomba maji ya kunawa, akamchukua mtoto kwangu, akamweka begani kwenye jua, mbele ya watu wote. Nilikuwa sijawahi kumwona anamshika kwenye mwanga. Akamwita kwa sauti ya chini, "Ryoba." Ni jina la baba mzazi wa Sylvester. Kwenye mji huu wa Mama Mokami mtoto ni Mogesi, mikononi mwake ni Ryoba, na mwenyewe anacheka kwa majina yote mawili, hana ugomvi na mtu.

9 Machi

Mvua. Fundi hakuja.

14 Machi

Fito alizofunga jana leo amezifungua, eti zimekaa vibaya. Mama Mokami alikuwa anachambua maharage, akamwambia, "Fundi, unajenga ukuta au unasuka nywele?"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na polepole nayo haina ujira."

Tulicheka wote watatu. Mchana nikampikia ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akala amempakata mtoto. Mtoto akamshika sharubu akavuta. Ukituona ungesema ni familia kama nyingine tu. Nimeandika hivyo kwa sababu nimefurahi, na nikifurahi naogopa nitasahau.

19 Machi

Jumapili. Tembo wametoka hifadhini wamekula mahindi ya jirani yetu Veronika. Ya kwetu wameyakanyaga tu. Veronika kaona tumependelewa.

23 Machi

Nilishaanza kumshuku Sylvester. Kila anapokandika upande, kesho yake asubuhi upande huo umebomoka. Nikajisemea mwanaume huyu anabomoa mwenyewe ili aendelee kuja, na nikampenda kwa ujanja huo.

Leo niliamka mapema kukamua. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta Mama Mokami ameinama ukutani, jembe mkononi, anabandua udongo wa jana ambao haujakauka. Alikuwa anafanya kwa adabu kabisa, anabandua anaweka chini, anabandua anaweka chini.

"Mama! Unafanya nini?"

Akashtuka, akaficha jembe nyuma ya sketi. "Panya," akasema. "Panya wamezidi."

"Panya gani anashika jembe?"

"Panya mzee."

Sikuweza kucheka. Akaketi kwenye kinu, akafuta mikono. "Mokamona," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, maana yake mke wa mwanangu, ingawa huyo mwana hakuzaliwa. "Mimi nilikaa na Mogesi miaka mingi, nikazaa mabinti wakaolewa, nikabaki na mzee tukicheka wawili. Wewe nimekuleta hapa kwa ng'ombe, ucheke na nani? Na mimi? Ukuta ukiisha, kijana ataanza tena kuja gizani kama fisi. Mwache aje mchana kidogo."

Wakati naletwa hapa nililia njia nzima. Baba alishachukua ng'ombe za Mama Mokami akamwolea kaka yangu Hezekia, wote wamestarehe, mimi nikaja kuwa mke wa bibi kizee. Nilimchukia. Nilikuwa namwekea chumvi nyingi kwenye mboga makusudi, naye anakula, anasema tamu. Leo nimemtazama akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko nikaona aibu.

Sylvester hatujamwambia. Amekuja, ameona, amekuna kichwa. "Udongo wa huku hauna gundi," akasema.

30 Machi

Dhahabu imeonekana ng'ambo ya Mto Mara. Rashi, kila mtu anaikimbilia. Watu wanavuka kwa mitumbwi mto ukiwa umejaa hivyo hivyo, na makarai kichwani. Mwalimu wa darasa la tano ameacha chaki ubaoni. Katekista ameaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa, amebeba sururu.

Sylvester anakwenda. Aliniambia akiwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, nikadhani sijasikia vizuri. Akashuka.

"Gati, sikiliza. Nikipata, nanunua ng'ombe, namrudishia mama zake zote. Halafu tunahama. Tarime mjini, Nkende, nina rafiki yangu pale anapangisha. Nafungua karakana ya milango na vitanda. Wewe, mimi na Ryoba. Mchana kweupe."

"Na Mama je?"

"Atapata ng'ombe zake."

Nilitaka sana kuamini, nikaamini. Amebakiza tundu moja juu ya dirisha langu, la upana wa karai. Amelifunika kwa gunia, amepigilia misumari pembe nne. Akasema asilimalize mtu mwingine, atakuja kulimaliza mwenyewe. Mama Mokami alimpa mahindi ya kuchoma ya njiani, akambariki. Akamwambia mto usimjue, avuke salama.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua. Gunia linapiga ukuta usiku kucha, pap, pap. Mtoto anashtuka.

7 Aprili

Mtu mmoja ametoka machimboni, ameleta salamu. Sylvester ni mzima, yuko kwenye duara, shimo la dhahabu, pamoja na wenzake, wanashuka chini kwa zamu na wameshaanza kuona rangi kwenye mawe. Amemtumia mtoto kofia ya sufu. Kofia ni ya mtoto wa miaka mitatu. Nimemvalisha, ikamfunika mpaka kidevuni, akakaa humo ndani kimya kama ng'ombe mnadani. Mama Mokami alicheka mpaka akashika ukuta. Tumeitundika kwenye msumari wa gunia, atakua nayo.

10 Aprili

Jino! La chini.

16 Aprili

Pasaka. Tumechinja jogoo. Hakuna salamu.

22 Aprili

Naandikia wodini, Mugumu.

Juzi mtoto aliamka anawaka moto, anapumua kwa mbavu. Mvua iliyoingia kwa lile tundu ilikuwa imelowesha kitanda, gunia lilikuwa limeng'oka pembe moja na mimi nililala kama gogo. Nilichanganyikiwa. Nilianza kukimbia huku na huku natafuta kanga, kanga ninayo mkononi.

Mama Mokami akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamweka kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akafunga kanga mbili juu yake na koti la marehemu juu ya kanga. "Twende." Tulipata lori lililokuwa linapeleka mahindi, likanasa kwenye tope kabla hatujafika mbali. Dereva akasema tusubiri trekta. Mama akashuka. Yule mzee, mwenye goti linalouma hata akienda chooni, akatembea kwenye tope, mimi nikimfuata nimeshika viatu vyake. Nilimwambia anipe nimbebe. Akasema, "Nikimtoa atapigwa na baridi. Wewe nishike mkono nisianguke." Njia nzima alikuwa anaongea na kifua chake. "Mogesi, baba, usiondoke tena. Uliondoka mara moja inatosha."

Ni homa ya mapafu. Wamemchoma sindano, leo ananyonya. Kitanda ni kimoja, Mama analala sakafuni kwenye mkeka na hataki tubadilishane. Muuguzi ni yule yule wa kliniki. Asubuhi amemletea chai ya maziwa, akamwamkia kwa heshima, akamwita baba mwenye nyumba. Mama alifurahi hata goti likapona kidogo.

Mungu, nisamehe ile chumvi.

27 Aprili

Tuko nyumbani. Nimepigilia gunia upya na kipande cha bati juu yake. Veronika anasema nizibe tu kwa udongo yaishe. Nimemwambia lina mwenyewe.

6 Mei

Amekuja!

Amekuja mchana, bila msumeno. Ana viatu vya ngozi na redio, na amekonda, macho yameingia ndani. Duara lao limetema dhahabu. Alimwinua mtoto juu, mtoto akalia, hamjui. Nilimwambia usijali, atakuzoea tena. Akamwamkia Mama akasema ana neno, angeomba amwite mzee wa ukoo. Mama akamtazama viatu. "Keshokutwa," akasema.

Jioni Mama hakula. Mimi nilikula, nilikuwa na njaa kama niliyetoka kulima. Nimeshapanga vyombo vya kwenda navyo Nkende na vya kumwachia. Sufuria kubwa nimemwachia.

8 Mei

Nitaandika yote, ingawa mkono hautaki.

Mzee Nyangwine alikuja, mdogo wake marehemu, na fimbo yake. Tulikaa uani, mvua ikiwa imepumzika. Sylvester alisema vizuri, alisimama, alivua kofia. Akasema anataka kurudisha ng'ombe zote zilizonitoa kwetu, na aniondoe anioe yeye.

Mzee Nyangwine akamsikiliza mpaka mwisho. "Umesema kama mtu mzima," akamjibu. "Ng'ombe zikirudi, mwanamke anatoka. Hilo halina shida, kama mwenye mji amekubali."

Tukamtazama Mama Mokami. Alikuwa ameshika mtoto. "Sikatai," akasema. "Gati bado msichana. Aende."

Moyo wangu uliruka. Naandika ukweli, uliruka. Ndipo mzee akaendelea.

"Lakini mtoto amezaliwa juu ya ng'ombe za Mogesi. Mtoto ni wa Mogesi. Huyo habebwi, kijana, hata ulete zizi zima."

Nikamtazama Mama, nikamwomba kwa macho. Akatazama chini. "Gati, ungeniomba jicho ningekupa," akasema. "Huyu siwezi. Nikifa bila yeye, hapa watalima mahindi. Hakuna atakayejua kama kulikuwa na watu." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kichwa cha mtoto na hakuyafuta.

Nilimkasirikia. Nilikasirikia wote, na Mzee Nyangwine na fimbo yake, na baba yangu, na Hezekia analala na mke wake kwa amani. Lakini nilikuwa nina Sylvester. Nikamvuta nyuma ya nyumba, pale kwenye tundu, nikamwambia tuondoke leo, mimi, yeye na mtoto, tuvukie Sirari twende Kenya, hawatatupata. Nilikuwa tayari kumwibia yule mzee aliyemtembeza mwanangu kifuani kwenye tope. Na hilo naliandika.

Sylvester alikuwa anakwangua udongo kwenye kiatu chake kwa kijiti. Halafu akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Gati, usijisumbue. Muache Mogesi na bibi yake. Sisi tutazaa mwingine."

Kwanza nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya redio. Kisha nikasikia kwamba amemwita Mogesi, si Ryoba.

Nikaingia ndani kunyonyesha.

10 Mei

Ukuta umeisha.

Amekuja asubuhi na msumeno, ameng'oa gunia, amefunga fito, amekandika, amesawazisha, amenawa mikono. Kabla sijaivisha maharage. Ukuta ule ule! Umenyooka, hauna hata ufa, umekauka vizuri na jua la leo. Kumbe alikuwa anaweza.

Anasema ana haraka, kuna rashi mpya upande wa Kahama, wenzake wanamsubiri. Ijumaa atakuwa kwenye basi la asubuhi la Musoma, linapita barabarani pale. Ameniwekea kiti. Ng'ombe atazileta rafiki yake kutoka mnadani.

Kofia ilikuwa imeanguka kwenye tope. Nimeifua.

11 Mei

Mama Mokami amenifungia mfuko. Ameweka karanga, kanga yake mpya, na mafuta ya ng'ombe ya kujipaka. Hakusema niende, hakusema nibaki. Amelala na mtoto kwake, eti amzoeze maziwa ya kikombe. Mtoto amelia mpaka nikaenda kumchukua.

"Sasa utaondokaje?" akaniuliza.

Maziwa yalikuwa yananitoka yenyewe, nguo yote imelowa.

12 Mei

Nimelisikia basi. Lilipiga honi, likasimama muda mrefu kuliko kawaida, likapiga tena. Mtoto alikuwa ananyonya, akaacha ziwa akageuza shingo kusikiliza. Halafu likaondoka.

Nimelia. Namlilia yeye Sylvester, si mwingine. Simlilii wa viatu vya ngozi, namlilia yule wa futi, aliyekuwa anapima ukuta mara mbili.

13 Mei

Hakuna la kuandika.

15 Mei

Nimepalilia. Mtoto ameketi bila kushikwa, akaanguka, akaketi tena.

18 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Veronika amekuja kuniuliza kama ni kweli nilikataa dhahabu. Nimemwambia sikuonyeshwa dhahabu, nilionyeshwa redio.

Nimecheka kidogo, kisha nimeenda shambani kulia.

24 Mei

Leo niliamka kukamua. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Kuna tundu kwenye ukuta, juu ya dirisha langu, pale pale, la upana wa karai. Udongo umewekwa chini vizuri, rundo moja. Mama Mokami alikuwa amekaa kwenye kinu, mtoto kamfunga mgongoni, mikono amekunjia ndani ya kanga, lakini matope yalikuwa kwenye pua.

"Panya," akasema.

Nikaweka ndoo chini.

Akakohoa. Akatazama upande wa barabara, hakutaka kuniangalia. "Nimesikia watu wanasema kijana hajafika Kahama. Gari la wenzake liliharibika, bado wako Musoma wanasubiri vipuri. Tukituma mtu leo atamkuta." Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mokamona, tumwite fundi? Aje tu mchana, kama zamani."

Nilimtazama. Goti lake bovu lilikuwa limejaa matope. Alipandaje kule juu, sijui. Nilijua anamaanisha. Angemkaribisha kesho, angempikia, angebomoa ukuta huu kila alfajiri mpaka afe, ili mimi nicheke.

"Hapana, mama," nikasema. "Nitakandika mwenyewe."

Nikaenda kuchota maji. Nikakanyaga udongo na majani mpaka ukashikana. Mama alinipa matonge, mimi nikaziba. Tulipofika pa mwisho akamshusha mtoto mgongoni, akamwinua, akamshika mkono, akaubandika ukutani kwenye udongo mbichi. Mtoto akapiga kelele ya furaha, akataka tena.

"Mwambie ni nyumba ya nani," Mama akaniambia.

Nikamwambia, "Ni yako, Mogesi."